Kwenda Idaho Kucheza Mus na Bi Katalin

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ana swali lile lile, na kila mmoja ameshapewa jibu na mtu mwingine. Mama Farida alisikia nimekwenda kucheza kamari. Jirani wa ghorofa ya juu alisikia nimekwenda kuuguza. Yuko mwingine, simtaji, aliyesikia nimeposwa na mfuga kondoo. Basi naandika mara moja, msome wote, nisije nikarudia habari hii kila ninapoteremka kufua nguo.

Ni kweli nilikwenda kucheza karata. Mchezo wenyewe unaitwa mus. Ni wa Wabaski, watu wa milima iliyo mpakani mwa Hispania na Ufaransa, ambao wengi wao walihamia magharibi ya nchi hii kuchunga kondoo. Huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na mwenzako huketi mbele yako. Mnawekeana dau, lakini dau ni pointi tu. Sisi tulihesabu kwa maharagwe makavu, na mwisho wa mchezo maharagwe yalirudi jikoni. Mama Farida atulie.

Aliyenifundisha ni Bi Katalin, mjane anayekaa na binti yake katika jengo letu hapa Columbia Heights. Siku ya kwanza nilimkuta kwenye chumba cha kufulia, amepanga karata juu ya mashine. Nikachungulia. Zilikuwa na picha za vikombe, sarafu za dhahabu, panga na magogo. Nikamwuliza vikombe vinaitwaje. Akasema, "Kopa." Nikashtuka. Na sarafu? "Oro." Na panga? "Espada." Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekua nikimwona shangazi yangu akipiga karata za kopa, uru na shupaza, na hakuna hata siku moja mtu aliyeniambia kwamba uru ni dhahabu na shupaza ni upanga. Ilibidi nije Minnesota, kwenye chumba chenye harufu ya sabuni, niambiwe na bibi wa Kibaski. Tangu siku hiyo tukawa tunacheza kila Jumapili na binti yake na mkwewe, ambao walicheza ili yaishe.

Kitu kimoja lazima mkielewe, maana safari nzima ilikuwa kwa ajili yake. Katika mus, kumpa mwenzako ishara ya uso ni halali. Ukiuma mdomo wa chini katikati, unamwambia una wafalme wawili. Ukiuma pembeni, una watatu; wafalme wako wanane, maana karata za tatu nazo huhesabiwa wafalme. Ukitoa ncha ya ulimi, una ree mbili, zile karata za moja. Ukiinua nyusi, una jozi mbili, na jozi mbili huzishinda hata karata tatu za aina moja. Wapinzani nao wana haki ya kuiba ishara zako kwa macho wakiweza. Unaruhusiwa kunyamaza. Kutoa ishara ya uongo ni marufuku kabisa.

Sasa, Bi Katalin alipigwa na kiharusi, na upande wa kushoto wa uso wake haujasogea tena. Alikuwa ameshafiwa na mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa akicheza naye maisha yao yote ya ndoa katika mashindano ya kila kiangazi kwenye mji wao mdogo huko Idaho. Alipotaka kurudi mezani, shemeji yake, Peio, alimwambia mbele ya watu apumzike, uso wake hausomeki. Hakuna aliyekubali kuketi mbele yake. Ndiyo maana akahamia kwa binti yake.

Mwaka huu, theluji ilipoanza kuyeyuka, aliniambia, "Nataka kuketi kwenye ule ukumbi. Unakuja, huji?"

Nikamwambia nakuja.

Columbia Heights hadi Fargo

Tulikuwa watatu. Njeri, rafiki yangu Mkenya ambaye ni muuguzi kule Burnsville, alikuja ili tusaidiane kuendesha, na pia amwangalie bibi na dawa zake za presha. Mchezo wenyewe hakuutaka. "Mimi nakuja kuona milima," alisema. "Hizo karata zenu msinihusishe."

Bi Katalin aliketi mbele, kando yangu, karata mapajani. Hata kabla hatujafika St. Cloud alikwisha kuanza mazoezi. Anajigawia karata nne, anazitazama, ananipa ishara, nami nimtupie jicho nitaje alichonacho.

"Wafalme wawili," nasema.

"Vizuri. Hii?"

"Mwanaidi, angalia barabara!" Njeri anapiga kelele nyuma. "Huwezi ku-drive ukiangalia mdomo wa shosho!"

Hatukumsikia. Gari la askari wa barabarani likaja likawa sambamba na letu, upande wa Bi Katalin. Wakati huohuo yeye akageuka kidogo dirishani, akatoa ulimi. Askari akatuwashia taa.

Alikuwa kijana mpole, kofia imenyooka. Aliinama dirishani akamwuliza Bi Katalin kama ana tatizo lolote.

"Ree mbili," Bi Katalin akamjibu.

"Yesu wangu," akasema Njeri. "Tumeisha."

Ilinichukua muda kumweleza askari yule kwamba bibi hakumdhihaki, kwamba ule ulimi nilitolewa mimi, si yeye, na kwamba tunakwenda Idaho kwenye mashindano. Bi Katalin akamwonyesha karata kama ushahidi. Kijana akazitazama, akanitazama mimi. "Na wewe, dereva, ulikuwa unatazama barabara, au unamtazama yeye?" Akatuachia kwa onyo, kwa sharti kwamba mwenye karata akae nyuma.

Tukabadilishana viti. Kabla hatujafika mpaka wa North Dakota, nilimwona kwenye kioo cha kutazamia nyuma ameuma mdomo, ananisubiri. Njeri akanyoosha mkono akakigeuza kioo.

Fargo tuliingia na njaa. Huku na huko karibu na mto palikuwa bado na marundo ya mifuko ya mchanga, mabaki ya mafuriko ya masika hii, na mwanamke wa kituo cha mafuta alitusimulia jinsi alivyoijaza mifuko hiyo mpaka viganja vikachubuka. Bi Katalin akamsikiliza kwa makini, kisha akamwuliza swali moja tu: "Mliacha?" Mwanamke akasema hapana. Bi Katalin akatikisa kichwa, akaridhika. Akanunua peremende kwa yule mwanamke ingawa hali peremende.

Fargo hadi Miles City

Sitawachosha na North Dakota. Ni anga, na chini yake ni majani. Njeri alikuwa amepika ndengu na chapati za safari nzima, na Bi Katalin akagundua kwamba chapati ya baridi ikiviringishwa na jibini ndani ni chakula cha mchungaji. Yeye naye alitukaribisha soseji zake nyekundu zenye harufu ya kitunguu saumu. Nikamwambia sili nguruwe. Akaniuliza kama ni ahadi niliyomwekea Mungu. Nikasema ni zaidi ya ahadi. "Basi vizuri," akasema, "mtu asiye na kitu anachokikataa hafai kucheza naye karata." Akampa Njeri fungu langu.

Kulikuwa na mkanganyiko mdogo pale Njeri alipoendesha nami nikakaa nyuma na bibi. Katika mus, kabla ya dau, ukisema "mus" maana yake unataka karata nyingine, na wote wanne wakikubali mnabadilisha. Basi Bi Katalin akasema, "Mus?" nami nikamjibu, "Mus." Tukarudia hivyo mara nyingi. Njeri akavumilia, mwisho akaegesha gari pembeni ya barabara.

"Kama mnahisi kutapika, semeni nisimame," akasema. "Hii kitu ya mus, mus, mus mnaifanya kama paka wagonjwa."

Tulicheka mpaka bibi akashika mbavu. Akicheka, ni upande mmoja tu unaocheka, na machozi yanatoka pande zote mbili.

Tulikuwa tumeshaingia Montana pale mshale wa joto ulipopanda. Mvuke ukatoka chini ya boneti. Tukaburuta gari mpaka Miles City, tunasimama, tunaongeza maji, tunasogea, tunasimama tena.

Miles City, tulipokwama

Fundi wa gereji alikuwa mzee mrefu aliyeitwa Dale. Alitazama, akafuta mikono, akasema pampu ya maji imekufa. Hana ya kuibadilisha. Ipo Billings, na gari la vipuri litaileta kesho alasiri.

Hesabu ilikuwa rahisi na mbaya. Tukiondoka kesho alasiri, tutafika watu wameshapangwa na mechi za kwanza zimeshachezwa. Asiyekuwepo wakati wa kupangwa huondolewa.

Tukaenda kukaa kwenye mgahawa wa jirani. Mhudumu akaja na kalamu yake, akaniuliza mimi nitakula nini, akamwuliza Njeri, kisha akamwuliza Njeri tena: "Na yeye angependa nini?"

"Yeye angependa pai," akasema Bi Katalin. "Ya tufaha."

Mhudumu akawa mwekundu, akaandika, akaondoka. Bi Katalin akanyoosha leso yake mezani.

"Tangu uso wangu uanguke," alisema, "watu wananitazama sikio. Hata padri. Hata binti yangu, na ni mtoto mwema. Mtu anazungumza nami na macho yako hapa." Akajigusa sikio. "Unajua kwa nini nataka mus? Kwa sababu mwenzako kwenye mus hana ruhusa ya kutazama pengine."

Njeri akaacha kutafuna. Mimi nami nilimaliza mwaka wangu wa kwanza Marekani nikitazamwa koti na mtandio, kila mahali ila usoni.

Njeri, kwa roho nzuri, akasema labda tupige simu tuwaeleze tumekwama, twende polepole, tuone milima, bibi awasalimu ndugu zake tu. Bi Katalin akamaliza pai. Akafuta mdomo, akachukua mkoba wake, akatoka. Tulidhani anakwenda msalani. Tulipochungulia dirishani tulimwona amerudi gereji, amesimama mbele ya Dale.

Tulifika wakiwa katikati ya mazungumzo.

"Billings ni mbali?" alikuwa anamwuliza.

"Kama saa mbili, mama."

"Basi nenda."

Dale akacheka. Bi Katalin hakucheka. Akafungua mlango wa pikapu ya Dale, akapanda, akafunga mkanda, akaweka mkoba mapajani. Fundi akatutazama sisi kama tunaweza kumteremsha. Njeri akainua mikono: "Huyo hata mimi siwezi." Dale akavua aproni, akamwambia karani wake wa ofisini afunge mapema.

Mimi na Njeri tulibaki tumekaa kwenye matairi kama wazazi wanaosubiri binti. Jua lilikuwa bado halijatua pale pikapu iliporudi. Pampu ilikuwa kwenye boksi. Dale akateremka, akanitazama, akauma mdomo wa chini katikati.

"Wafalme wawili," nikasema, sikuwa hata nimefikiri.

"Amenifundisha njia nzima," alisema, na akaingia chini ya boneti.

Kuvuka milima

Tulilala Billings, alfajiri tukashika njia. Njeri akapata milima yake. Alisimamisha gari mara kadhaa apige picha, na Bi Katalin, ambaye siku zote alikuwa anatuharakisha, safari hii alimwacha. Tulipoanza kuteremka upande wa Idaho, na hewa ikaanza kunuka vichaka vyake vikavu vya kijivu, alifunga karata kwenye mfuko wake.

Karibu na mji aliomba tusimame kwenye kituo cha mapumziko. Alichana nywele, akavaa blauzi nyeupe. Kisha akanigeukia.

"Niazime mtandio mmoja."

"Wa nini, Bibi?"

Akachora kwa kidole mstari kutoka puani kwenda chini, akiufunika mdomo. "Wanawake wa kwenu wengine si hufanya hivi? Nitasema nina meno mabaya."

Nilikuwa na mtandio mwingine begini, wa kijani. Nilikuwa nimeshauchukua mkononi. Nikaurudisha.

"Sikuazimi," nikamwambia.

Njeri akanitazama kwa mshangao, maana mimi si mtu wa kumkatalia mkubwa.

"Ukifunika mdomo, mimi nitasoma nini?" nikasema. "Mwendo wote huu nimekuja kusoma uso. Ukiufunika, bora nigeuze gari."

Akasimama pale, upepo unapeperusha nywele alizotoka kuzichana. Jicho la kushoto, ambalo halifumbiki vizuri, lilikuwa linatoka maji, na sikujua kama ni upepo. Kisha akaingia garini, akaketi mbele.

"Askari amesema nikae nyuma," alisema. "Lakini hii ni Idaho."

Ukumbini

Ukumbi ulijaa. Meza ndefu, watoto wanakimbizana, wanaume wenye kofia bapa nyeusi, na harufu iliyonisimamisha mlangoni: samaki mkavu wa chumvi, aliyerowekwa na kupikwa kwa nyanya na vitunguu. Ng'onda mtupu, kama wa kwetu Tanga! Nikala sahani mbili kabla sijasalimiana na mtu, na wanawake wa jikoni wakanipenda kwa hilo.

Peio alikuja akiwa amefungua mikono. Alikuwa mzee mnene, mwenye sauti nzuri, na nasema kweli hakuwa mtu mbaya. Alimbusu Bi Katalin mashavu yote mawili. Macho yake yalikuwa kwenye sikio.

"Umekuja kutusalimia," alisema.

"Nimekuja kucheza. Huyu ndiye mwenzangu."

Peio akanitazama, mtandio wangu, sahani yangu. "Anajua mus?"

"Mwulize mwenyewe, ana masikio."

Tulipangwa. Mechi ya kwanza tulicheza na vijana wawili waliotuonea huruma, tukawashinda wakiwa bado wanatuonea huruma. Ya pili ilikuwa mume na mke, wagumu, tuliwapita kwa shida. Nusu fainali tukakutana na Peio na mwenzake, mzee mkimya asiyetikisika. Ilikuwa mshindi wa michezo miwili kati ya mitatu.

Mchezo wa kwanza tulichukua sisi. Watu wakaanza kusogeza viti. Wa pili tulikuwa tunaongoza pale balaa lilipotokea.

Kabla ya kuwekeana dau la jozi, kila mchezaji lazima atamke kama ana jozi au hana. Ilipofika zamu yangu Peio aliniuliza, "Unayo?" Nikasema ndiyo. Nikaweka dau. Peio akafikiri, akanikodolea macho, akakataa. Mwisho karata zilipofunuliwa nilikuwa na jozi moja tu, nne mbili. Peio akasimama.

"Ameinua nyusi!" alisema. "Ana jozi moja na ameinua nyusi. Hiyo ni ishara ya uongo."

"Sikuinua," nikasema.

"Umeinua," wakasema watu kama watatu kwa pamoja, na mmojawapo, nyuma ya bega langu, alikuwa Njeri. "Mwanaidi, umeinua. Hata sasa unainua."

Jamani, ninyi mnanijua. Kwetu mtu akiulizwa jambo na jibu likawa ndiyo, nyusi zinapanda zenyewe. Mama yangu alikuwa akijibu hodi kwa nyusi. Sikuwahi kujua kwamba nafanya hivyo, kama vile mtu asivyojua anavyotembea. Bi Katalin alikuwa amelijua hilo tangu chumba cha kufulia, akazoea kutofautisha, wala hakuona haja ya kuniambia.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni. Njeri akajitosa: "Madam, that's just how we say yes. Kenya, Tanzania, everybody." Mwamuzi akanigeukia.

"Umetoka Minnesota?"

Nikainua nyusi.

"Umekula samaki?"

Nikainua nyusi. Ukumbi ukaangua kicheko, na hata mwenzake Peio akatabasamu. Lakini mwamuzi hakucheka. Alisema ananiamini, na kwamba kumwamini mtu hakubadilishi kilichoonekana mezani. Mchezo wa pili akampa Peio.

Nilisukuma kiti. Kuitwa mwongo mbele ya watu wale wote, tena ugenini, kulinishinda. Nikamwambia Bi Katalin nitamwaibisha tena, bora tukomee hapo.

"Keti," alisema.

"Bibi, siwezi kuzizuia."

"Keti. Mimi uso wangu unasema kidogo, wewe wako unasema sana. Ndio tuliojaliwa. Shusha mtandio."

Nikaushusha mpaka juu ya macho, nyusi zikafunikwa. Maana yake ni kwamba tangu hapo nisingeweza kumpa ishara ya jozi mbili hata ningekuwa nazo. Sheria haikulazimishi kutoa ishara. Nikaketi, na nikaapa moyoni kwamba sitanyanyuka mpaka karata ya mwisho.

Mchezo wa tatu ulikuwa wa kuvutana haragwe moja moja. Sisi tunapata, wao wanapata. Tulifika mahali ambapo wao walibakiza maharagwe machache kuliko sisi ili washinde, na zamu ile ingepita bila dau kubwa wangemaliza. Tulikuwa kwenye dau la jozi, na mkononi nilikuwa na jozi ya tano, kitu cha kuchekesha. Nikamtazama Bi Katalin.

Alikuwa ameuma mdomo upande wa kulia. Ni upande pekee anaoweza kuuma. Peio naye aliona, nami nilimwona akiona: kauma pembeni, wafalme watatu. Kisha Peio akaondoa macho, haraka, kwa adabu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Mimi sikuondoa. Na hapo nyusi yake ya kulia ikapanda, kiasi cha unene wa uzi, ikashuka.

Mwenye wafalme watatu katika karata nne hawezi kuwa na jozi mbili. Wafalme wawili, basi. Na jozi mbili.

Lipo neno katika mus ambalo sikuwa nimelisema siku ile nzima. Ukilisema umeweka mchezo wote mezani. Mpinzani akikubali, karata zinafunuliwa palepale na mmoja anakwenda nyumbani.

"Hordago," nikasema.

Peio akanitazama, akaona mtandio. Akafikiri. Yeye mwenyewe alikuwa na jozi mbili nzuri, na jozi mbili zinazishinda karata tatu za aina moja, kwa hiyo kwa hesabu yake tulikuwa tumejileta wenyewe machinjoni.

"Nakubali."

Akafunua wafalme wawili na saba mbili. Bi Katalin akaziweka zake moja baada ya nyingine, bila haraka: mfalme, mfalme, farasi, farasi. Farasi ni mkubwa kuliko saba.

Mwamuzi akamwuliza Peio kama ana malalamiko. Ningeelewa kama angekuwa nayo. Aliona mdomo umeumwa pembeni na wafalme walikuwa wawili.

Peio akamgeukia shemeji yake. "Nilisoma watatu."

"Nyusi ilipanda baadaye," akasema Bi Katalin. "Ulikuwa umeshaacha kutazama."

Mzee yule akasogea mbele. Akamtazama usoni, mdomo, jicho linalotoka maji, shavu lililolala, akaendelea kutazama mpaka ikawa sisi wengine ndio tulioona haya. Kisha akamwambia mwamuzi, "Sina malalamiko. Ni uso wake."

Kurudi

Fainali tulipigwa vibaya na ndugu wawili wafuga ng'ombe, wala haina haja ya kuisimulia. Tuliposhindwa Bi Katalin aliomba samaki zaidi.

Asubuhi, tukipakia mizigo, Peio alikuja na mkate mkubwa wa njiani, umefungwa kwa kitambaa. Akampa Njeri, akanipa mkono, akaenda dirishani kwa Bi Katalin. Safari hii nilitazama macho yake yanaangukia wapi. Yalikuwa mahali pake.

"Mwakani," alimwambia, "keti na mimi. Nitajifunza uso wako. Ni kosa langu, ningejifunza zamani."

Nilikuwa nimeshika usukani, na nawaambieni kweli, niliogopa. Ni shemeji yake, ni lugha yao, ni mji wao. Angekubali, nani angemlaumu? Bi Katalin alikaa muda akimtazama, upande mmoja wa mdomo umeinuka.

"Jifunze, Peio," alisema. "Utauhitaji. Lakini utausoma ukiwa mpinzani, maana mimi nina mwenzangu."

Akapandisha kioo, akaniambia niwashe gari.